Pesa imekatwa, tokeni ya LUKU haijaja: fanya hivi kwanza

Umenunua umeme wa shilingi 5,000 kwa simu, salio limepungua, lakini tokeni haionekani. Wengi hapa Kibara hununua tena papo hapo, hasa mwenye friza la samaki. Subiri kwanza. Simu kukaa kimya si lazima iwe ombi lako limekataliwa.

Ombi na jibu lake ni safari mbili. Menyu unayoifungua kwa nyota na reli ni kama maongezi ya ana kwa ana: mtandao ukiyumba, au ukichelewa kubonyeza, maongezi yanakatika na simu inaandika kwamba muda umekwisha. Menyu haikutunzii chochote. Lakini kama ulishaweka namba ya siri na kutuma, huenda ombi limeshafika. Kutoka kampuni ya simu linapita kwenye mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, hadi TANESCO, na siku yenye wanunuzi wengi linakaa foleni. Jibu nalo linarudi, na hatua yake ya mwisho ni meseji ya kawaida.

Meseji ina tabia tofauti. Ikikuta umezima simu, au uko ziwani mtandao haushiki, inahifadhiwa kwenye kituo cha meseji cha kampuni na kujaribiwa tena, ila kwa muda maalumu. Muda huo ukipita inafutwa, nawe hutajua kama iliwahi kuwepo.

Kwa hiyo angalia salio baada ya dakika chache. Likiwa vilevile na hakuna meseji yoyote, nunua tena. Likiwa limepungua, tafuta meseji ya malipo yenye namba ya muamala. Hiyo ndiyo risiti yako, usiifute. Wenye simu za kitochi wafute meseji za zamani, maana kisanduku kikijaa mpya haiingii. Zima simu, iwashe, kaa penye mtandao. Bado kimya? Piga 100 kwa kampuni yako au 180 TANESCO, ukiwa na namba ya mita na namba ya muamala mkononi. Hawahitaji namba yako ya siri; anayeiuliza ni tapeli.

Kuomba tokeni itumwe tena hakuna hasara. Tarakimu zile 20 zimetengenezwa kwa mita yako tu na zinakubali mara moja; ukizirudia mita inakataa, basi. Ukinunua mara mbili na tokeni zote zikaja, umeme wote ni wako, ila pesa ya sukari imeshalala kwenye mita. Kumtumia mtu pesa ni hatari zaidi: ukituma mara mbili kwa sababu ya kimya, umetuma mara mbili kweli, na kuzirudisha kunategemea kama mwenzako hajazitoa.

Kabla ya kulaumu simu yako, muulize jirani mwenye laini ya kampuni nyingine. Naye akishindwa, tatizo liko mbele zaidi, kama Mei 2021 mfumo wa LUKU ulipopata hitilafu na wateja wakakwama sehemu nyingi za nchi. Hapo kubonyeza tena na tena hakusaidii. Kunaongeza foleni tu.