Saini Bila Karatasi: Tatizo Liko kwa Shahidi, Si kwa Mwombaji

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari za Chang'ombe, Temeke, zilizo jirani na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, DUCE, hazipumui. Vijana waliokwisha kujaza fomu mtandaoni hupanga foleni ili waichape. Kwa misimu mingi safari ya fomu imekuwa moja: inapelekwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa igongwe muhuri, kwa mdhamini asaini, kwa kamishna wa viapo ashuhudie, kisha inarudi steshenari iskaniwe na kupakiwa kwenye mfumo uleule ilikotoka. Aliyesajili kampuni kupitia mfumo wa mtandaoni wa BRELA, ulioanza mwaka 2018, naye anaijua njia hiyo. Taarifa zinajazwa kwenye kompyuta, wakurugenzi wanasaini karatasi, na picha ya karatasi inarudishwa kwenye kompyuta.

Ni rahisi kuuita utaratibu huu urasimu na kuishia hapo. Ninachodai hapa ni kwamba karatasi haibaki kwa ajili ya saini ya mwombaji. Inabaki kwa ajili ya watu wanaomshuhudia, ambao mifumo yetu imewaacha nje.

Kwa upande wa sheria, ubishi wa msingi ulikwisha zamani. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinasema kwamba pale sheria inapotaka saini, sharti hilo linatimizwa na saini ya kielektroniki iliyo salama. Kifungu cha 7 kinaeleza usalama huo: saini imtambulishe mwenyewe, iwe chini ya udhibiti wake, na ifungamane na waraka kiasi kwamba badiliko lolote la baadaye linaonekana. Mahakama zilitangulia hata kabla ya Bunge. Katika kesi ya Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, namba 4 ya mwaka 2000, Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu kilizipokea kumbukumbu za benki zilizotolewa kwenye kompyuta, wakati Sheria ya Ushahidi ilikuwa bado inafikiria madaftari. Marekebisho ya mwaka 2007 yakaja kuiweka sheria sawa. Kwa hiyo ofisa anayesema "lazima uchape, ndiyo sheria" mara nyingi anatetea mazoea ya ofisi yake.

Na mazoea hayo yanatuletea ushahidi dhaifu kuliko wote. Mtaalamu wa maandishi akipewa karatasi halisi hutazama mgandamizo wa kalamu, mtiririko wa wino, mahali mkono uliposita. Kwenye skani iliyopunguzwa ukubwa ili mfumo uipokee, alama hizo hazipo tena. Wakati huohuo skani haina nguvu ya saini ya kidijiti, ambayo hutumia funguo mbili zinazokwenda pamoja: wa siri, anaobaki nao mwenye kusaini, na wa wazi, ambao yeyote anaweza kuutumia kuhakiki. Ukiongeza sifuri moja kwenye kiasi cha mkopo baada ya waraka kusainiwa, uhakiki unagoma. Skani haigomi. Anayetaka kunakili saini yako kutoka ukurasa huu hadi mwingine anahitaji programu ya kuhariri picha na dakika chache tu.

Kuna jambo jingine ambalo wachache hulisema. Tazama siku moja skrini ya kompyuta ya steshenari: faili juu ya faili, kila moja na jina la mtu, ndani yake saini, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, saini ya mdhamini na namba zake za simu. Nyingine zimefika kwa WhatsApp ya mwenye duka na zimebaki humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini ofisi inayodai skani ndiyo inayomsukuma mwananchi kuiacha saini yake mikononi mwa mtu asiyemfahamu.

Kwa nini basi tunaendelea? Kwa sababu ofisa anayepokea fomu haamini saini ya mwombaji hata kidogo, wala hana sababu ya kuiamini, hajawahi kuiona. Anachokiamini ni muhuri wa mwenyekiti unaosema kwamba huyu tunamfahamu na anaishi mtaani kwetu, na muhuri wa wakili aliye kamishna wa viapo unaosema kwamba huyu alisimama mbele yangu. Mahakama ya Rufani imewahi kuyatupa maombi kwa sababu tu hati ya kiapo haikuonyesha mahali au tarehe ya kuapa. Ukali huo una maana yake: kinachopimwa ni tukio la mtu kuonana na mtu.

Watasema wapinzani kwamba wananchi hawajawa tayari. Sikubaliani nao, ingawa sehemu moja ya hoja yao ina uzito. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na tangu huduma ya mikopo ya M-Pawa ianze mwaka 2014 watu wamekuwa wakikopa kwa kubonyeza tarakimu za simu. Mkopo huo ni mkataba, na namba ya siri ndiyo saini yake. Hilo watu wa Temeke wamelizoea siku nyingi. Uzito uko kwenye neno "udhibiti". Mama anayemkabidhi wakala simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima ikisikia, amesaini kwa namna isiyotimiza kifungu cha 7. Simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Ukimpa kila mwombaji ufunguo wa kidijiti kesho, funguo nyingi zitashikwa na mwenye steshenari.

Ndiyo maana napendekeza tuanzie upande wa pili, ule wa mashahidi. Wenyeviti wa mitaa na makamishna wa viapo ni wachache wakilinganishwa na waombaji, wanajulikana kwa majina, na wana kiapo au dhamana ya ofisi. Mawakili tayari wamo kwenye orodha ya kielektroniki ya Mahakama, e-Wakili. Wapewe wao kwanza saini za kidijiti zilizothibitishwa. Mwombaji aende kwa mwenyekiti akiwa na simu yake, aweke dole gumba kwenye kifaa, lilinganishwe na kumbukumbu za NIDA kama ilivyofanyika katika usajili wa laini za simu hadi makataa ya Januari 2020, kisha mwenyekiti asaini palepale. Kuonana kunabaki, kinachoondoka ni mzunguko wa steshenari.

Wosia na hati za uhamisho wa mali zinazohitaji kusajiliwa zisubiri. Sheria ya 2015 yenyewe iliziweka kando. Kenya ilirekebisha sheria zake za biashara mwaka 2020 na kuigusa hata ardhi, lakini sioni haja ya kukimbilia huko wakati fomu ya mkopo wa mwanafunzi bado inatushinda. Wizara yenye dhamana ya mawasiliano na ofisi ya TAMISEMI zikae meza moja, zitoe mwongozo wa saini za wenyeviti wa mitaa, na Bodi ya Mikopo iwe ya kwanza kuzipokea.