Mji Uliovaa Nguo za Jana

Katika sinema bubu za Marekani, mtu wa mjini aendaye Magharibi kwa wachunga ng'ombe ndiye anayegeuka mshamba. Ndivyo alivyochekwa Buster Keaton mwaka 1925 katika *Go West*: kijana asiye na rafiki ila ng'ombe mmoja, ambaye akiamriwa kwa bastola atabasamu, huinua pembe za midomo yake kwa vidole.

Lakini *Wild and Woolly* ya mwaka 1917, iliyoongozwa na John Emerson na kuandikwa na Anita Loos, ilikwenda mbali zaidi. Humo Douglas Fairbanks (mzaliwa wa Denver, hukohuko Magharibi!) ni Jeff, mwana wa tajiri wa reli wa New York. Amesimamisha hema la Wahindi Wekundu nyumbani, na mtumishi wa baba yake ndiye farasi wake. Baba anamtuma Bitter Creek, Arizona, akaangalie kama mji ule unastahili tawi la reli.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wa Bitter Creek ni wa kisasa, lakini reli wanaitaka. Basi wanavua suti, wanavaa mavazi ya miaka ya 1880, na bastola ya mgeni inatiwa baruti tupu isiyo na risasi. Wanaigiza ujambazi ili kumpendeza. Kumbe wakala wa serikali, mwizi wa siku nyingi, ameuona mwanya: chini ya kivuli cha mchezo, anapanga kuiba kweli.

Hapo ndipo kicheko kinapomwacha Jeff na kuwageukia wenyeji. Sensa ya mwaka 1890 ilikwisha tangaza kuwa mpaka wa walowezi haupo tena; Arizona ilikuwa jimbo kamili tangu 1912. Mji umeuza sura ya babu zake, na walioivaa wamekuwa mateka wa vazi lenyewe. Angalau wao walichagua. Wahindi Wekundu wa filamu hiyo hawakuulizwa: wamechorwa kuwa kundi la fujo tu, nayo ndiyo doa lake kubwa.

Mwishoni Jeff anaoa binti wa huko, apendaye maisha ya Mashariki. Nyumba yao ndani ni kasri la New York. Mlango ukifunguliwa, nje wanangoja farasi na makauboi.