Udaktari wa uhandisi ulitoka wapi?
Ukisikia kijana wa Nkome anasomea uzamivu wa uhandisi, usidhani shahada hiyo ni ya kale kama vyuo vikuu vyenyewe. Zamani vyuo vikuu vya Ujerumani viliona uhandisi ni kazi ya mafundi tu. Udaktari ulikuwa wa tiba, sheria, teolojia na falsafa.

Mwaka 1899 Kaisari Wilhelm II, huyohuyo aliyetawala hadi huku kwetu, akaviruhusu vyuo vya ufundi vya Prussia kutoa udaktari. Masharti? Uwe na diploma ya uhandisi, uandike tasnifu, ufaulu mtihani wa mdomo. Na cheo kiandikwe kwa Kijerumani, si Kilatini, kisichanganywe na kile cha vyuo vikuu!

Sisi tulisubiri sana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata kitivo cha uhandisi mwaka 1973. Kabla ya hapo, mwanafunzi wetu alikwenda Nairobi.

Leo bado utaandika tasnifu na kuitetea mbele ya jopo. Sharti gumu ni moja: ulete ujuzi mpya. Kwa hilo Geita haikosi maswali. Mchimbaji mdogo atatengaje dhahabu kwa bei anayoimudu, bila kushika zebaki? Anza hapo.