Kulipa Kodi Badala ya Kujenga: Wajibu wa Kaunti za Kenya katika Makazi ya Watu Wenye Maradhi ya Akili

Hospitali ya Mathari jijini Nairobi imekuwa ikipokea wagonjwa wa akili tangu 1910. Miongoni mwao wapo waliopata nafuu na kupewa ruhusa ya kuondoka, lakini wakabaki wodini kwa kuwa hawana pa kwenda: jamaa wamehama, wamechoka au wamewakana. Kitanda cha tiba hugeuka makazi, na mgonjwa wa dharura hukikosa. Makala haya yanatetea hoja kwamba ufumbuzi umo mikononi mwa serikali za kaunti, na kwamba njia ya haraka zaidi ni kuwalipia watu hawa kodi katika nyumba zilizopo, si kuwajengea mpya.

Msingi wa kisheria upo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya na ya makazi yanayofaa. Jedwali la Nne nalo linaziweka huduma za afya za kaunti na masuala ya nyumba katika orodha ya kazi za kaunti. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa, ikaziongezea kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo na kuunda mabaraza ya kuzisimamia. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, inayokata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi na kumtaka mwajiri atoe kiasi kama hicho.

Tatizo ni kwamba sheria hizi mbili hazikutani. Ya kwanza humtambua mtu akiwa mgonjwa. Ya pili humtambua akiwa mnunuzi. Nyumba za kijamii zimekusudiwa wenye kipato kisichofika shilingi 20,000 kwa mwezi, na aliyetoka wodini bila kazi anaingia humo kwa urahisi. Anakokwama ni kwenye malipo ya awali na marejesho ya kila mwezi kwa miaka mingi, hasa ikiwa maradhi yake huja na kuondoka.

Wanaopendekeza kaunti zijenge nyumba maalumu wautazame mji wa Los Angeles. Mwaka 2016 wapiga kura wa huko waliidhinisha mkopo wa dola bilioni 1.2 kujenga makazi ya wasio na makao, wakiwemo wagonjwa wa akili wengi. Ujenzi ulisuasua, na wastani wa gharama ya nyumba moja ukakaribia dola 600,000. Nchini Kanada, kati ya 2009 na 2013, miji mitano ilijaribu njia nyingine: mgonjwa asiye na makao alipewa nyumba ya kupanga ya kawaida, akachangia sehemu ya kipato chake, serikali ikafidia salio, na wahudumu wakamtembelea. Waliopata msaada huo walidumu katika makazi kuliko wenzao ambao hawakuupata. Dalili za maradhi, hata hivyo, zilipungua kwa kiwango kinachokaribiana katika makundi yote mawili. Nyumba haichukui nafasi ya dawa. Humpa mgonjwa mahali pa kudumu anapoweza kuinywea na kutafutwa akiikosa.

Kenya inazo nyenzo za kuanzia. Kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinaruhusu kaunti kuanzisha hazina maalumu kwa idhini ya bunge lake. Kaunti ambayo tayari hulipa karo ya watoto maskini kwa basari haiwezi kudai kwamba haijui kumlipa mtu wa tatu kwa niaba ya mwananchi. Wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa 2023, ambao posho yao serikali kuu na kaunti hugawana nusu kwa nusu, tayari huzunguka nyumba kwa nyumba. Wakifunzwa, wataziba pengo la ufuatiliaji.

Pingamizi la kwanza ni kwamba huu ni mzigo wa familia. Ni kweli familia ndiyo iliyoubeba, lakini mara nyingi mbebaji ni mama mzee, naye akifariki mwanawe hubaki njiani. Pingamizi la pili ni zito zaidi: mgao kutoka Hazina Kuu huchelewa, na mwenye nyumba hangoji. Ndiyo maana hazina hiyo ianze na akiba ya kodi ya miezi kadhaa isiyoguswa kwa matumizi mengine, na idadi ya wanaosaidiwa ifuate uwezo wa akiba hiyo. Kumpangishia mtu kisha kumwacha afukuzwe ni ukatili kuliko kutomsaidia kabisa. Pingamizi la tatu, kwamba wenye nyumba watawakataa wapangaji hawa, hupungua nguvu pale kaunti inapodhamini kodi na uharibifu, na kutoa nambari ya simu inayojibiwa.

Mabunge ya kaunti hayahitaji kungoja sheria mpya kutoka Nairobi. Yatenge fungu hili katika bajeti ijayo, yaanze na wale ambao madaktari wamekwisha kuwaruhusu kuondoka, na yachapishe kila mwaka idadi ya waliobaki katika vyumba vyao.