Programu za CERN: jinsi toleo linavyoundwa, linavyojaribiwa na kusambazwa

Tarehe 4 Julai 2012, wanasayansi wa majaribio mawili, ATLAS na CMS, walitangaza katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na mji wa Geneva nchini Uswisi, kwamba wamegundua chembe mpya inayolingana na ile iliyotabiriwa mwaka 1964 na inayojulikana kama chembe ya Higgs. Sifa nyingi ziliuendea mtambo wa kugonganisha chembe, wenye mzunguko wa kilomita 27, uliojengwa chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Kilichotajwa kwa nadra ni programu za kompyuta zilizosoma ishara za migongano hiyo, na utaratibu mkali unaozifanya programu hizo ziaminike.

Kazi ya programu

Ndani ya mtambo huo, mafungu ya protoni hukutana takriban mara milioni 40 kwa sekunde. Hakuna anayeweza kuiona chembe ya Higgs kwa macho, kwani hutoweka papo hapo. Kinachobaki ni alama za umeme katika mamilioni ya vipande vya vigunduzi. Programu ndiyo inayoziunganisha alama hizo, ikaonyesha njia iliyopitiwa na kila chembe, ikakadiria nishati yake na kuitambua aina yake. Programu ikikosea, matokeo hupotoka hata kama kigunduzi ni kizima.

ATLAS hutumia programu iitwayo Athena, na CMS hutumia CMSSW. Kila moja ina mamilioni ya mistari ya msimbo, iliyoandikwa hasa kwa lugha za C++ na Python na watafiti wa vyuo vikuu vingi duniani. Ugunduzi wa mwaka 2012 ulipata nguvu kwa sababu makundi hayo mawili, kila moja likiwa na kigunduzi chake na programu yake, yalifikia jibu linalokaribiana: chembe yenye uzito wa takriban elektroni-volti bilioni 125.

Kutoka msimbo hadi toleo

Waandishi wengi wa programu hizo ni wanafizikia, wakiwemo wanafunzi wanaofanya kazi hiyo kwa miaka michache kisha kuondoka. Kwa sababu hiyo, hakuna badiliko linaloingizwa kwa kuaminiana tu. Mwandishi huwasilisha ombi katika hazina ya pamoja ya msimbo. Mashine hulijaribu badiliko hilo, wakaguzi walio zamu hulisoma, na ndipo hukubaliwa au kurudishwa likarekebishwe.

Kisha huja ujenzi wa kila usiku. Kompyuta huijenga upya programu, yaani huugeuza msimbo ulioandikwa na binadamu kuwa amri zinazoweza kutekelezwa na mashine. Kwa upande wa CMS, ujenzi huo hufanyika mara mbili kwa siku. Programu iliyojengwa hupewa data zilezile zilizotumika hapo awali, na majibu yake hulinganishwa na ya zamani. Tofauti ikionekana, hata ikiwa ndogo, lazima ielezwe: je, ni maboresho yaliyokusudiwa, au ni kasoro iliyopenya?

Hali ikitulia, wasimamizi huchagua sura moja ya msimbo, huipa namba na kuijenga kwa matumizi rasmi. Hilo ndilo toleo.

Toleo haliguswi

Toleo likishatangazwa, halibadilishwi tena. Kasoro ikigunduliwa baadaye, hutolewa toleo jingine lenye namba mpya, na la awali hubaki kama lilivyo. Bila sharti hilo, watafiti wawili wangeweza kutaja namba moja huku wakitumia programu mbili tofauti, na matokeo ya mmoja yasingeweza kuthibitishwa na mwenzake.

ATLAS ina sharti kali zaidi wakati mtambo unapofanya kazi. Toleo linalochakata data kwa mara ya kwanza haliruhusiwi kupokea badiliko linalogeuza matokeo, isipokuwa kwa idhini maalumu. La sivyo, data za Mei na za Septemba zingekuwa zimepimwa kwa mizani mbili, kisha zikajumlishwa kana kwamba zilipimwa kwa mizani moja. Uamuzi huo una gharama: njia bora ikigunduliwa katikati ya msimu, mara nyingi hulazimika kusubiri hadi data zote zichakatwe upya kwa pamoja.

Kulifikisha toleo duniani

Data za majaribio haya huchakatwa katika vituo takriban 170 vilivyomo katika nchi zaidi ya 40. Zamani, kila toleo lilipaswa kusakinishwa kituo kwa kituo. Pale usakinishaji ulipokwama, kazi zilizotumwa huko zilishindikana.

CERN ilitatua tatizo hilo kwa mfumo uitwao CVMFS. Toleo huchapishwa mara moja tu katika seva kuu, nalo hunakiliwa na seva nyingine katika nchi mbalimbali. Kompyuta ya kituo huvuta mafaili yale tu inayoyahitaji, kwa njia ileile inayotumika kufungua kurasa za intaneti, na kuyahifadhi kwa matumizi ya baadaye. Kila faili hutambuliwa kwa alama ya kihesabu inayotokana na yaliyomo ndani yake. Herufi moja ikibadilika, alama nayo hubadilika. Orodha ya mafaili hutiwa saini ya kidijitali. Hivyo kompyuta iliyo mbali huweza kuhakikisha kwamba ilichopokea ndicho kilichochapishwa.

Matoleo ya zamani yana kazi

Mnamo Novemba 2014, CMS iliifungulia jamii data zake za mwaka 2010. Data peke yake zisingetosha, kwani zilihitaji toleo la programu la wakati wake. Kwa hiyo zilitolewa pamoja na kompyuta pepe, yaani programu inayoiga kompyuta nzima, ili toleo la zamani liendelee kufanya kazi juu ya mashine mpya.

Msimbo wa Athena na wa CMSSW nao sasa uko wazi. Kwa nchi zisizo na mtambo wa aina hiyo, huo ni mlango wa kuingilia. Mwaka 2016 mji wa Kigali, nchini Rwanda, ulikuwa mwenyeji wa Shule ya Afrika ya Fizikia, inayowakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya bara hili na wataalamu kutoka maabara kubwa za dunia. Mwanafunzi wa Kigali, Kampala au Bujumbura mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuchukua data hizo pamoja na toleo lake, akarudia hesabu mwenyewe, na kuona iwapo jibu lake linalingana na lililochapishwa.