Hadteli (baiskeli ya milimani)

Hadteli ni aina ya baiskeli ya milimani yenye shokapu kwenye foku ya mbele pekee. Sehemu ya nyuma haina springi: ekseli ya gurudumu la nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye fremu. Kwa sababu hiyo ni nyepesi na ina vipuri vichache kuliko baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma. Hadteli nyepesi hutumika hasa katika mbio za nyika za baiskeli, ambazo hupita kwenye vijia, mawe, mizizi na tope, kwa kupanda na kushuka vilima.

Makala hii inaeleza muundo wa hadteli, historia yake, na masuala ya kuimiliki na kuiendesha, ikichukua mifano kutoka Bukoba na Muleba katika mkoa wa Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania.

Muundo

Fremu ya hadteli ya mbio hutengenezwa kwa alumini au nyuzi za kaboni; za zamani nyingi ni za feleji. Hadteli ya mbio ya kaboni huwa na uzito wa takriban kilogramu 9 hadi 10, na ya alumini takriban 11 hadi 13. Baiskeli ya kawaida ya mizigo yenye karia, madigadi na stendi hufikia takriban kilogramu 20.

Foku ya mbio huweza kubonyea takriban milimita 100, na siku hizi baadhi hufikia 120. Nyingi hutumia hewa iliyoshindiliwa badala ya springi ya chuma, ili kupunguza uzito. Mwendeshaji anapokaa juu ya baiskeli, foku inatakiwa kuzama kwa asilimia 15 hadi 20 ya urefu huo, yaani milimita 15 hadi 20 kwa foku ya milimita 100. Hewa yake hujazwa kwa pampu maalum ya shinikizo kubwa. Pampu ya kawaida ya tairi haifai.

Magurudumu yako katika vipimo vitatu vikuu, vinavyoitwa inchi 26, 27.5 na 29. Kipimo halisi cha ringi, pale tairi linapokaa, ni milimita 559, 584 na 622 kwa mfuatano huo. Baiskeli ya mizigo iliyozoeleka Afrika Mashariki hutumia tairi la inchi 28 lenye ringi ya milimita 635. Hivyo tairi la "28" la baiskeli ya mizigo haliingii kwenye ringi ya "29", ingawa kwa jina vinaonekana kukaribiana.

Hadteli za mbio za siku hizi zina sproketi moja mbele na sproketi 10 hadi 12 nyuma. Mfano wa kawaida ni meno 32 mbele na meno 51 kwenye sproketi kubwa ya nyuma. Kwa gia hiyo, mzunguko mmoja wa pedali husogeza baiskeli takriban mita 1.4. Baiskeli ya mizigo ya gia moja, kwa mfano yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, husogea zaidi ya mita 5 kwa mzunguko mmoja. Ndiyo maana mwenye baiskeli ya ndizi hushuka na kusukuma anapofika kwenye mlima mkali.

Uzito na upandaji

Faida ya wepesi inaweza kukadiriwa kwa hesabu ya fizikia ya sekondari. Kazi ya kuinua kitu ni tungamo mara mchapuko wa mvutano (mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde) mara kimo. Tuchukue mwendeshaji wa kilogramu 65 anayepanda kimo cha mita 200 kwa nguvu ya wati 200, bila kuhesabu msuguano na upepo:

Kwa baiskeli ya kilogramu 10, kazi ni jouli 147,000 na muda ni dakika 12 na sekunde 15.
Kwa baiskeli ya kilogramu 12, kazi ni jouli 150,920 na muda ni takriban dakika 12 na sekunde 35.
Kwa baiskeli ya kilogramu 20, kazi ni jouli 166,600 na muda ni dakika 13 na sekunde 53.

Kutoka kilogramu 20 hadi 12, mwendeshaji anaokoa zaidi ya dakika moja. Kutoka 12 hadi 10 anaokoa sekunde 20 tu, na kwa kawaida kilogramu hizo mbili za mwisho ndizo zinazogharimu fedha nyingi zaidi. Katika mbio za kimataifa sekunde 20 zaweza kuamua mshindi. Kwa anayeanza, sekunde hizo hupotea zote, na zaidi, kwa pancha moja au cheni iliyokatika.

Historia

Baiskeli za milimani zilianzia katika eneo la Marin, California, Marekani, katika miaka ya 1970. Vijana walishuka milima kwa baiskeli nzito za zamani zenye breki ya kukanyaga kinyumenyume. Mbio zao maarufu zilianza tarehe 21 Oktoba 1976 kwenye njia iliyoitwa Repack. Jina hilo lilitokana na grisi ya breki kuungua wakati wa kushuka, hata ikabidi kujaza nyingine. Joe Breeze alitengeneza fremu maalum kwa kazi hiyo mwaka 1977. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walianza kuuza baiskeli zilizotumia fremu za Tom Ritchey.

Baiskeli hizo za mwanzo hazikuwa na shokapu kabisa. Foku za shokapu zilianza kuenea baada ya kampuni ya RockShox kutoa foku yake ya kwanza mwaka 1989, na hapo ndipo hadteli ikapata umbo lake la sasa. Mashindano ya kwanza rasmi ya dunia ya baiskeli za milimani yalifanyika Durango, Colorado, mwaka 1990, na mchezo uliingia katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Tangu miaka ya 2010, washindani wengi wa ngazi ya juu wamehamia kwenye baiskeli za shokapu mbili, kwa sababu njia za mbio zimezidi kuwa na mawe na miruko. Hadteli imebaki kuwa chaguo la njia zenye miinuko mingi na mawe machache, na la wanaoanza.

Afrika Mashariki

Tom Ritchey alitembelea Rwanda mwishoni mwa mwaka 2005, na mwaka 2006 akasaidia kuanzisha mbio zilizoitwa Wooden Bike Classic, ambamo pia baiskeli za mbao za kubebea mizigo zilishindana. Katika juhudi hizo ilizaliwa timu ya Rwanda iliyomlea Adrien Niyonshuti, aliyebeba bendera ya nchi yake katika Olimpiki ya London mwaka 2012 na kumaliza wa 39 katika mbio za baiskeli za milimani. Mwezi Septemba 2025 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika.

Nchini Kenya, mwendeshaji David Kinjah alifundisha vijana karibu na Nairobi kwa baiskeli za milimani. Mmoja wao alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye baadaye alishinda Tour de France mara nne akiiwakilisha Uingereza. Nchini Tanzania mchezo unasimamiwa na Chama cha Baiskeli Tanzania (CHABATA), na katika Kanda ya Ziwa mbio zinazojulikana zaidi ni za barabarani, hasa Mwanza na Shinyanga.

Mazingira ya Bukoba na Muleba

Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Magharibi mwake vilima virefu vya jiwe mchanga vimejipanga sambamba na ufuko, kutoka kaskazini kwenda kusini, na kati yake yako mabonde yenye mito na vinamasi, likiwemo bonde la mto Ngono. Anayesafiri kutoka kaskazini kwenda kusini anaweza kufuata mgongo wa kilima. Anayekatiza kutoka ufukoni kwenda magharibi hupanda na kushuka mara kwa mara. Barabara ya lami kutoka Bukoba kwenda Muleba hupita Kemondo na Muhutwe. Kutoka Muhutwe barabara nyingine hupanda kwenda Kamachumu kabla ya kufika Muleba.

Njia za eneo hili ni za aina mbili. Ya kwanza ni vijia vya vibanja, yaani mashamba ya migomba na mibuni yanayozunguka nyumba. Hivi vina kivuli, udongo laini, mizizi na kona nyingi. Ya pili ni vijia vya rweya, yaani nyika ya nyasi, ambavyo viko wazi na vina changarawe na ngazi za mawe. Kwenye rweya kavu hadteli hupanda vizuri sana, kwa sababu nguvu ya pedali haipotei katika springi ya nyuma. Kwenye ngazi za mawe gurudumu la nyuma hurukaruka, na miguu ya mwendeshaji ndiyo hufanya kazi ya shokapu.

Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi kikubwa kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Mvua nyingi huanguka Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba. Tope jekundu huganda kati ya tairi na fremu, na mchanga uliomo humo husaga cheni na pedi za breki.

Uendeshaji

Katika kupanda mlima mkali mwendeshaji hubaki amekaa, husogea mbele ya kiti na kuinamisha kifua, ili gurudumu la nyuma lishike ardhi na la mbele lisinyanyuke. Gia hupunguzwa kabla ya kufika kwenye mwinuko. Kubadili gia huku ukikanyaga kwa nguvu zote kunaweza kukata cheni.

Katika kushuka husimama juu ya pedali zilizo usawa, magoti na viwiko vikiwa vimekunjwa, visigino vimeshushwa, na macho yakitazama mbali. Breki zote mbili hutumika, kwa kubana na kuachia. Kubana mfululizo katika mteremko mrefu hupasha diski moto na kupunguza nguvu ya breki.

Upepo wa tairi huathiri uendeshaji kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mtu wa kilogramu 65, tairi pana lisilo na tyubu, lenye dawa ya kuziba pancha, huweza kwenda na PSI 20 hadi 25. Lenye tyubu huhitaji zaidi kidogo, ili tyubu isibanwe kati ya jiwe na ringi. Tairi lililojazwa kama la baiskeli ya mizigo huteleza kwenye tope na kudunda kwenye mawe.

Vijia vya vibanja ni njia za watu kwenda kisimani, shuleni na shambani, na vingi hupita karibu na milango ya nyumba. Mwendeshaji hupunguza mwendo, hupiga kengele au kusalimu, na hushuka anapokutana na watoto, wazee au mifugo. Kofia ngumu ni lazima katika mashindano na ni kinga muhimu hata katika mazoezi.

Umiliki na matunzo

Baiskeli ya mbio huhitaji matunzo zaidi kuliko baiskeli ya mizigo, na vipuri vyake si rahisi kupatikana kwa kila fundi. Baada ya safari ya tope husafishwa kwa maji ya kumwaga taratibu, maana maji ya kasi huingia kwenye beringi. Cheni hukaushwa na kupakwa mafuta mepesi. Grisi nzito au oili chafu ya injini hukusanya mchanga.

Uchakavu wa cheni hupimwa kwa rula. Viungo 24 vya cheni mpya vina urefu wa milimita 304.8. Vikifika takriban milimita 306.3, cheni ya sproketi 11 au 12 hubadilishwa. Ikiachwa, hula meno ya sproketi, na gharama huwa kubwa mara kadhaa kuliko bei ya cheni.

Breki za diski za mafuta zinahitaji uangalifu wa pekee. Baadhi hutumia mafuta ya madini na nyingine hutumia mafuta ya breki ya aina ya DOT, kama yale yanayouzwa kwa magari na pikipiki. Aina hizi mbili hazichanganywi wala kubadilishana. Mafuta ya DOT yakitiwa katika breki ya mafuta ya madini huharibu sili zake za mpira, na breki inaweza kushindwa kufanya kazi mteremkoni. Aina inayofaa huandikwa kwenye mkono wa breki au kifuniko chake. Mahali ambapo mafuta sahihi hayapatikani, breki za diski zinazovutwa kwa waya ni salama zaidi, ingawa zinahitaji nguvu zaidi ya vidole.

Mabomba ya ndani ya foku hufutwa kila baada ya safari, na mafuta na sili zake hukaguliwa kila baada ya saa 50 hivi za kuendesha, mapema zaidi wakati wa mvua.

Fremu ya feleji iliyopasuka huweza kuungwa na fundi mzuri wa kuchomelea. Ya alumini ni ngumu kuunga kwa usalama, kwa kuwa joto hudhoofisha chuma chake. Ya kaboni huweza kuwa na ufa wa ndani usioonekana kwa macho. Kwa hiyo anayenunua hadteli ya mtumba hukagua maungio yote ya fremu, hasa chini ya shingo ya usukani na karibu na pedali. Hubonyeza foku kuona kama inarudi na kama inavuja mafuta. Huzungusha magurudumu kuona kama yamepinda. Na huuliza kama tairi na pedi za kipimo hicho zinapatikana.

Hadteli ya mbio haikutengenezwa kwa karia, abiria wala mikungu ya ndizi. Fremu na spoki zake zimepunguzwa uzito kwa kukadiria mzigo wa mwendeshaji peke yake. Kaya yenye baiskeli moja tu kwa kazi zote huhudumiwa vizuri zaidi na baiskeli ya mizigo.

Katika mashindano

Mbio za nyika za kiwango cha Olimpiki huchukua takriban saa moja na nusu, kwa kuzunguka mara kadhaa njia ya kilomita chache. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI) haziruhusu mshindani kubadilisha baiskeli katikati ya mbio, na msaada wa ufundi hutolewa katika sehemu maalum tu. Akipata pancha mbali na sehemu hizo, hutengeneza mwenyewe au hukimbia akiisukuma baiskeli. Kwa sababu hiyo washindani hubeba pampu ndogo au chupa ya gesi, kiungo cha akiba cha cheni na spana ndogo, na wengi huchagua tairi lenye gramu chache zaidi lakini kuta imara.