Dhamana ya Tabibu

Mwaka 319 Hijria (931 Miladia) mgonjwa alifariki Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru asitibu mtu ila aliyetahiniwa na Sinan bin Thabit. Waliotahiniwa walizidi 860. Hukumu ilikuwa kongwe: katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud, ajitiaye utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara. Tabibu stadi, aliyeruhusiwa na asiyezembea, mafakihi walimwondolea.

Lakini ustadi ni nini? Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751 Hijria), katika mambo 20 ya tabibu stadi, ametaja kumfanyia mgonjwa upole kama afanyiwavyo mtoto. Basi mhudumu wa zahanati amkemeaye mama mjamzito aliyetembea usiku huko Kitandililo, hata akiwa na leseni, sisi twaona ustadi wake umepungua.